Sadaka Hutolewa, Hainyang'anywi



Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii twaitamka kwa wepesi wakati ghala limejaa. Lakini moyo wa mtu haujulikani siku ya mavuno. Hujulikana siku kinapobaki kibaba cha mwisho, na mlangoni mtu anapiga hodi. Juma hili yatupasa kuutazama upendo wa Kikristo mahali hapo pagumu, na nchi itakayotufundisha ni Ugogo, nyanda za katikati ya Tanzania.

Huko mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena kwa uchache. Miezi inayobaki ni ya vumbi na upepo. Tangu kale watu wake waliishi kwa mtama, uwele na mifugo. Kwa kuwa walijua kwamba mvua haina ahadi, akiba yao waliiweka kwa watu. Mwenye ng'ombe aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali wamfugie, ili ukame au maradhi yakipiga huku, asifilisike kote. Njaa ilipobisha, walifunga safari kwenda kuhemea nafaka kwa majirani. Udugu ndio uliokuwa ghala lao.

Njaa za Ugogo zilikuwa nyingi, na wazee walizipa majina. Isiyosahaulika ni ile iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Jina hilo lina maana ya kugombania. Nayo haikuletwa na jua peke yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani lilichukua chakula, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yakaiteka Dodoma, nayo yakachukua vilevile. Basi mvua ilipokosekana, hapakuwa na mifugo ya kubadilishana kwa nafaka, wala mikono ya kutosha ya kulima. Imekadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa eneo hilo, 30,000 walikufa. Ni sawa na kusema, katika kila watu watano, mmoja alizikwa.

Sasa tafakari, ndugu msomaji. Wakubwa wa vita hupenda sana kusema habari za kujitoa mhanga. Lakini yule mchukuzi aliyeanguka njiani na mzigo wa jeshi hakujitoa, alitolewa. Ng'ombe wa yule mzee hakuwa sadaka, alikuwa nyara. Hapo ndipo mafundisho ya Kikristo yanapotenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kwa mujibu wa Injili ya Yohana, Kristo alieleza waziwazi kwamba uhai wake hakuna aliyemwondolea, bali aliutoa kwa hiari yake. Pasipo hiari hiyo, msalaba ungekuwa mauaji tu. Sadaka ya kweli mtu huitwika mabegani mwake mwenyewe, hamtwishi jirani.

Huenda msomaji akauliza: je, wale 30,000 waliokufa walipungukiwa imani? Hasha! Imani si bei ya kununulia mvua. Nabii Habakuki alikwisha kulijibu neno hilo: alimshangilia Mungu wake akiliwaza shamba lisilozaa na zizi lisilo na ng'ombe hata mmoja. Mfugaji wa Ugogo aelewa vizuri zaidi yetu uzito wa zizi tupu. Imani iliyojaribiwa haidai kwamba njaa haitakuja. Yakataa tu kwamba njaa ikija, mtu amgeuke mwenziwe kama fisi.

Mtazame pia mjane wa Sarepta, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Alikuwa akiokota kuni apike chakula cha mwisho, ale na mwanawe, kisha wangoje kufa. Elia akamwomba mkate. Yule mama akampa, na tangu siku hiyo unga wa pipani haukupunguka. Lakini angalia: Elia hakuuchukua mkate akaenda zake. Alikaa katika nyumba ile ile, akala unga ule ule, akashiriki hatari ile ile. Na unga haukugeuka kuwa shehena; ulitosha siku kwa siku. Huo ndio muujiza wa maskini: kutosha kwa pamoja.

Na sasa tuingie nyumbani mwetu. Katika nyumba nyingi yupo mmoja anayekula mwisho, na mara nyingi ni mama. Sufuria likipungua, hupunguza fungu lake, akasema ameshiba. Hiyo ni sadaka, tena kubwa. Lakini ikiwa baba na watoto wameizoea hata hawaioni tena, ikiwa kila siku ni yeye yule, basi nyumba hiyo ina Mtunya yake ndogo: wengine wachukua, mmoja atolewa. Baba anayehubiri upendo wa kujitoa huku sigara zake hazijapungua, huyo ahubiri msalaba wa mwenziwe. Kipimo ni rahisi: wakati wa dhiki, ni fungu la nani lililopungua kwanza? Kama si lako, ngoja kwanza kuhubiri.

Mwaka 1917, katika siku za Mtunya, alizaliwa Ugogo mtoto aitwaye Mathias Mnyampala. Mtoto mchanga havuki njaa ya namna ile kwa nguvu zake. Huvushwa na mikono ya watu. Huyo akawa mshairi mashuhuri wa Kiswahili, mwandishi wa historia na desturi za Wagogo, na bingwa wa ngonjera. Tena Injili na Zaburi akazitungia tenzi, kabla ya kufariki mwaka 1969. Waliomvusha hawakuwa na habari kwamba wanamlea mshairi. Walikuwa na mtoto mwenye njaa mbele yao, basi.

Nasi hatuhitaji kujua zaidi ya hapo. Jioni hii, chakula kitakapotengwa, mtazame anayepakuliwa mwisho. Mpe nafasi yako.