Elimu ya Uvira huanza na mzazi

Mwanzilishi wa shirika la elimu hupimwa kwa anachoweza kuonyesha: madarasa mangapi, madawati mangapi, sare ngapi. Wafadhili hupenda vitu vinavyopigika picha, na sisi pia. Lakini Uvira, mashariki mwa Kongo, kipimo hicho kinadanganya. Oktoba 1996 vita vilizuka katika bonde la Ruzizi na mji ukatekwa. Jeshi la waasi la AFDL likasonga mbele likiwa na watoto ambao nchi nzima iliwaita kadogo. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, na safari hii hata wanamgambo wa Mai-Mai, waliosema wanalinda ardhi ya mababu, walikuwa na wavulana na wasichana katika safu zao. Darasa lingekuwa na paa jipya na bado likabaki tupu. Ndiyo maana kazi ya Bukeni Waruzi, mwanzilishi wa AJEDI-Ka, shirika la vijana lililozaliwa Kalundu, upande wa bandari ya Uvira, inastahili kutazamwa upya.

AJEDI-Ka ilikabili jambo ambalo wengi walilikwepa: si watoto wote walioingia vitani waliotekwa nyara. Wengine walipelekwa na wazazi wao. Baba aliyeona kijiji kikichomwa aliamini kumtoa mwanawe ni kutetea ukoo. Mzazi wa namna hiyo humsaidii kwa kumtangazia kwamba shule imefunguliwa. Waruzi na wenzake, wakishirikiana na shirika la WITNESS la New York, walitengeneza filamu ya On the Frontlines iliyotoka mwaka 2004, wakaionyesha vijijini kwa wazazi. Ndani yake watoto waliotoka vitani walieleza wenyewe walichofanyiwa na walichofanyishwa. Baada ya picha, watu walizungumza. Mimi naiita hiyo kazi ya elimu kamili, hata kama hapakuwa na ubao wala chaki. Filamu iliyofuata mwaka 2005, A Duty to Protect, ililenga wakubwa, ikiwemo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Mahakama hiyo ilimtia Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, hatiani mwaka 2012 kwa kuwaingiza jeshini watoto wa Ituri walio chini ya miaka 15.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo hayazuii risasi, na kwamba mzazi alimtoa mtoto kwa kukosa ulinzi, si kwa kukosa maarifa. Nusu ya hoja hiyo ni kweli kabisa: pasipo usalama, ushawishi una mipaka. Hata hivyo mzazi huyo alikuwa akifanya uamuzi, na uamuzi hutegemea anachokijua. Alijua hatari ya adui. Hakuelezwa hatari ya kambi aliyompeleka mwanawe, hasa binti.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya serikali. Sawa. Katiba ya 2006 inasema shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ya bure, na sheria ya Januari 2009 inakataza kumwingiza jeshini mtu wa chini ya miaka 18. Lakini elimu ya bure ilianza kutekelezwa Septemba 2019 tu, na miaka yote ya katikati wazazi ndio waliobeba mshahara wa walimu kwa kile tulichokiita prime. Sheria hiyo ya 2009 nayo haina miguu ya kupanda milima ya Itombwe. Lazima mtu aibebe hadi kwa mkuu wa kijiji na kwa kamanda.

Lawama ya mwisho ni kwamba Waruzi aliondoka, akafanya kazi na WITNESS huko Marekani na baadaye akaongoza shirika la Free the Slaves. Siioni kuwa usaliti. Swali la haki ni kama waliobaki Kalundu walipewa uwezo wa kuendelea, na hapo jukumu linawaangukia wanaotoa fedha. Mkataba wa ufadhili unaolipia matofali lakini haulipii petroli ya pikipiki, jenereta, na mishahara ya wanaokwenda kuketi na wazazi wa Fizi na bonde la Ruzizi, unajenga shule bila kujua nani ataingia ndani yake.