Jina langu si kosa, na lako pia

Mwezi uliopita nilipeleka dosye yangu kwenye biro fulani hapa mjini. Lisansi iko, barua iko, picha mbili ziko. Yule baba aliyenipokea hakufungua hata diplomu. Alisoma jina, akainua kichwa, akaniuliza: «Weye, hii jina ni ya wapi?» Nikamujibu: «Ni koko yangu alinipatia, papa.» Hakucheka. Dosye ikaenda chini ya zingine, na mpaka leo sijaitwa.

Jina lenyewe ni Mugisho. Kwa mashi ni baraka. Mama alikuwa amepoteza mimba mbili mbele yangu, sasa nilipofika nikilia na nikiwa mzima, koko hakutafuta mbali. Lakini miaka fulani iliyopita karani mmoja aliandika vibaya kwenye kadi yangu: Mugisha. Herufi moja tu. Na Mugisha nayo ni baraka, kwa kinyarwanda, kwa kirundi, hata kwa kinyankole kule Uganda. Baraka ni ile ile, lakini mwenye kusoma ile kadi kwenye bariere hatafuti baraka.

Siku moja walinitoa kwenye moto, nikakaa masaa mawili pembeni ya barabara nikieleza tofauti ya «o» na «a» kwa mtu mwenye bunduki. Mwishowe waliniachilia. Nilifurahi, sitadanganya. Kisha haya ikanishika. Nyuma yangu kulikuwa kijana mwingine ambaye «a» yake haikuwa kosa la karani. Mimi nilijitetea kwa kusema «mimi si wale». Yeye angesema nini? Nilimuacha pale.

Ndiyo maana ninaandika. Sisi tunaosema tunataka nchi mpya, tumegeuza majina kuwa tribinali. Tunahukumu mtu mbele afungue kinywa.

Tujiulize kwanza jina linasema nini kwa kweli. Nenda Butembo au Beni. Kwa Wanande, Kambale ni mtoto mwanaume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Masika ni binti wa kwanza. Muhindo ni kijana aliyekuja nyuma ya mabinti, Kahindo ni binti aliyekuja nyuma ya wavulana. Ukisema «huyu Kambale», umejua ana mkubwa wake nyumbani. Kama ni mwizi au mtu wa haki, jina halikuambii. Vuka mupaka uende Kasese: Wakonzo wanaita wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Wazungu walichora mupaka juu ya Rwenzori, majina hayakuuona.

Kasai mapacha ni Mbuyi na Kabanga. Kwa Wakongo ni Nsimba na Nzuzi. Katanga ni Kyungu na Kabange. Nchi moja, furaha moja ya mama aliyezaa wawili.

Na sisi wa Kivu tunajua majina mengine, yale ya kiswahili: Furaha, Riziki, Bahati, Amani. Na yale mazito: Mateso, Shida, Machozi, Vumilia. Yule anayeitwa Machozi, si yeye aliyelia, ni mama yake. Anatembea na historia ya nyumba yao, na pengine ya vita ya 1996 au ya 1998. Kuna hata Safari, aliyezaliwa njiani watu wakikimbia. Ungependa kumuuliza huyo kabila gani?

Tena wazazi wetu wanatoa majina kwa upendo. Mtoto anapewa jina la padri, la munganga aliyemsaidia mama, la jirani wa kartiye. Ndoyi wako anaweza kuwa wa kabila lingine kabisa. Kwa hiyo mwenye kudai anasoma kabila katika jina, mara nyingi anasoma woga wake mwenyewe.

Serikali nayo imechezea majina. Mwaka 1972, kwa siasa ya «authenticité», Mobutu aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na wazairwa wote wakaambiwa waache majina ya ubatizo. Kardinali Malula alipopinga, alilazimika kukaa Roma kwa miezi. Papa zetu walikuwa na jina moja kanisani, jingine kwenye biro. Kurudisha mizizi ni jambo zuri, lakini mtu haamriwi mizizi kwa nguvu. Mkubwa akiamua jina lako leo, kesho ataamua kama wewe ni mtu wa hapa.

Na sheria tuko nayo. Kifungu cha 13 cha Katiba ya 2006 kinakataza kubagua mkongomani katika masomo, katika kazi za serikali na katika jambo lolote lingine, kwa ajili ya jamaa yake au kabila lake. Tangu tarehe 7 Juni 1966 kuna sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Miaka yote hiyo! Uraia nao uko na sheria yake, ya Novemba 2004, na hakuna mahali inaposema askari atapima uraia kwa sikio.

Basi tunaomba nini? Wenye kuajiri: fungueni diplomu mbele ya jina. Wenye bariere: kadi ni ya kumtambua mtu, si ya kumuhukumu. Makarani: andikeni jina vile mama anavyolisema, mumuulize mara mbili. Wazazi: sheria inawapa siku 90 za kuandikisha mtoto eta-sivil, na ni bure. Anayewaomba pesa, mumtaje.

Na sisi vijana, tuanze kwetu. Mimi pia, liste ya walioajiriwa ikipita kwenye simu, macho yangu yalikuwa yanahesabu: hawa ni wa fulani, hawa ni wa fulani. Nilikuwa nafanya kazi ya yule baba wa biro, tena bila mshahara. Nimeacha. Ukipokea hiyo liste, usiitume mbele. Uliza konkuru ilifanyika wapi, nani alisahihisha, pointi ziko wapi. Hayo ndiyo maswali yanayowatisha.

Kadi yangu bado iko na «a». Watu wananishauri niitengeneze haraka, na nitaitengeneza, kwa sababu koko alisema «o». Lakini siku nitakayosimamishwa tena, sitasema tena «mimi si wale». Nitasema: mimi ni mkongomani, na huyu aliye nyuma yangu pia, tuacheni tupite.