Nundu Haizai Ndama

Katika minada ya mifugo, kuanzia Meserani mkoani Arusha hadi Pugu jijini Dar es Salaam, dume kijana hukaguliwa kwa namna moja. Mnunuzi husimama mbele yake, macho yakaanzia kwenye pembe, yakashuka shingoni, yakapanda nunduni, kisha mkono ukapapasa mgongo na kubonyeza paja. Dalali naye huongeza sifa: mzito, mrefu, mweusi ti, nundu imelala upande kwa unene. Bei inakubaliwa. Hakuna aliyeinama kuangalia katikati ya miguu ya nyuma, hakuna aliyeomba dume atembezwe, wala hakuna aliyeuliza mama yake alikuwa akikamuliwa lita ngapi.

Huo ni ukaguzi wa mchinjaji. Kwa anayenunua ng'ombe wa kupeleka machinjioni wiki hiyohiyo hauna kasoro: anataka kilo, na kilo zipo mgongoni na mapajani. Kosa huanza pale jicho hilohilo linapotumika kuchagua dume wa mbegu. Imeenea imani, kwa mwenye ng'ombe watano na kwa mwenye mia tano, kwamba dume aliyewazidi wenzake kwa ukubwa, mwenye nundu nzito na shingo ya kutisha, ndiye atakayezaa ndama bora. Imani hiyo ipingwe waziwazi, kwa sababu hasara yake haionekani siku ya kununua. Huonekana miaka miwili au mitatu baadaye, zizi likiwa na majike yasiyoshika mimba na mitamba isiyo na maziwa, na mara nyingi lawama huangukia majike.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, tena akijaliwa. Dume aliyekomaa hupewa majike 25 hadi 30 kwa msimu. Udhaifu wa jike hubaki kwa ndama wake. Udhaifu wa dume huenea zizi zima. Mfugaji anayebakiza mitamba yake na kuipandisha kwa dume mgeni, kisha mitamba ya hao kwa dume mwingine, na mwingine tena, hufika kizazi cha tatu akiwa na ng'ombe ambao asilimia 87.5 ya urithi wao umetoka kwa madume matatu tu: nusu kwa baba, robo kwa babu mzaa mama, na thumuni kwa baba wa bibi. Majike yote aliyoanza nayo yamebakiwa na thumuni moja. Uamuzi wenye uzito huo hufanywa mnadani kwa dakika chache, juani, huku dalali akihimiza.

Ukubwa wa dume kijana unaeleza nini hasa? Zaidi ya yote, unaeleza amekula nini. Ndama aliyezaliwa mwanzoni mwa masika, mama akiwa na nyasi mbichi hadi magotini, humwacha mbali mwenzake aliyezaliwa kiangazi, hata kama wote wana baba mmoja. Aliyezaliwa na mtamba wa uzao wa kwanza hunyonya maziwa machache kuliko wa jike la uzao wa nne. Katika tofauti za uzito kati ya ng'ombe wa rika moja, takriban theluthi tu hutokana na urithi. Zilizobaki ni malisho, maji, magonjwa na maziwa ya mama, na hivyo vyote havimo katika mbegu ya dume. Isitoshe, wengi hawaulizi umri. Ng'ombe hubadilisha jozi ya kwanza ya meno ya mbele akikaribia miaka miwili, na ng'ombe wa asili huchelewa kidogo. Asiyefungua mdomo wa dume akaangalia meno humlinganisha wa miezi 15 na wa miezi 26, kisha akamtunukia wa pili sifa ambayo ni ya kalenda.

Hilo halina maana kwamba ukuaji hauna thamani. Una thamani kubwa, ila ndani ya rika moja, zizi moja na msimu mmoja. Dume aliyewashinda wenzake kumi waliozaliwa mwezi uleule na kuchungwa pamoja amethibitisha jambo. Dume mkubwa aliyesimama peke yake mnadani, bila historia, hajathibitisha lolote.

Unene ni hatari zaidi kuliko ukubwa, na hapa ndipo imani hii inapofanya madhara ya moja kwa moja. Korodani huning'inia nje ya mwili kwa sababu zinahitaji kuwa na ubaridi wa nyuzi kadhaa chini ya joto la mwili ili zitengeneze mbegu nzima. Dume aliyelishwa pumba na mashudu apendeze kwa ajili ya mnada huweka mafuta kwenye shingo ya mfuko wa korodani, palepale ambapo damu inatakiwa kupoa kabla ya kushuka. Joto hupanda na mbegu huharibika. Kwa kuwa mbegu ya ng'ombe huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa, dume huyo anaweza kuingia zizini aking'aa, akapanda kila jike linaloingia kwenye joto, na msimu ukapita bila mimba za kutosha.

Basi kiangaliwe nini? Mfugaji aanze nyuma. Dume afungwe vizuri kwenye kibanio, mkaguzi asimame nyuma yake, azishushe korodani taratibu kwa mkono hadi zikae sawa chini ya mfuko, kisha azungushe utepe wa kupimia pale penye upana mkubwa. Zote mbili ziwe zimeshuka, zilingane, ziteleze kwa uhuru ndani ya mfuko, na zikibonyezwa ziwe ngumu kiasi bila uvimbe wala mabonde. Wataalamu wa uzazi wa mifugo nchini Marekani walikubaliana mwaka 1993 kwamba dume wa miezi isiyozidi 15 awe na mzunguko usiopungua sentimita 30, na aliyepita miezi 24 awe na sentimita 34. Vipimo hivyo viliwekwa kwa ng'ombe wa Kizungu, na ng'ombe wenye nundu hukomaa polepole, kwa hiyo havifai kunakiliwa kwa Boran wa mwaka mmoja. Mantiki yake lakini haibadiliki: kadiri korodani zinavyokuwa kubwa kwa umri wake, ndivyo mbegu zinavyokuwa nyingi. Tena sifa hiyo hurithiwa vizuri, na mabinti wa madume yenye korodani kubwa kwa kawaida huwahi kuingia kwenye joto. Kipimo hiki kinatabiri uzazi wa mitamba ambayo bado haijazaliwa. Nundu haiwezi kufanya hivyo.

Miguu nayo. Dume anapopanda, uzito wake wote huegemea miguu ya nyuma. Aliyenyooka mno kwenye kifundo cha nyuma, kama aliyesimamia nguzo, huonekana mrefu na mwenye kiburi, na ndiyo maana hupendwa. Lakini kifundo hicho hakina msukumo wala unafuu, huvimba mapema, na dume huanza kukwepa majike kwa sababu kupanda kunamuuma. Aliyepinda kupita kiasi huchakaza kisigino cha kwato. Njia ya kuona ni rahisi: atembezwe kwenye vumbi laini au tope jepesi, kisha zifuatwe nyayo zake. Kwa dume mwenye miguu sahihi, kwato ya nyuma hukanyaga karibu kabisa na alama iliyoachwa na ya mbele. Nchi ambayo ng'ombe hutembea kilomita nyingi kwa siku kutafuta maji haiwezi kupuuza jambo hili.

Halafu kuna govi. Katika Boran, Sahiwal na jamii nyingine za ng'ombe wenye nundu, ngozi legevu chini ya tumbo huhesabiwa kuwa uzuri. Kiasi chake ni sawa, lakini govi linaloning'inia hadi karibu na magoti huburutwa kwenye miiba ya migunga, likachanika, likaoza, na dume mzima akawa wa kuchinjwa.

Anayedhani macho ya wataalamu hayadanganyiki asome historia ya maonyesho ya mifugo ya Marekani. Katika miaka ya 1940, majaji waliwapa zawadi Hereford na Angus wafupi, wanene, waliojikusanya. Wafugaji wakakimbilia madume ya umbo hilo. Wasichojua ni kwamba baadhi ya madume hayo yalionekana mafupi na manene kwa sababu yalibeba chembe ya urithi ya udumavu. Yalipokutana na majike yenye chembe hiyohiyo, walizaliwa ndama vibeti wenye vichwa vikubwa, wanaokoroma kwa kukosa pumzi, na wengi wakafa mapema. Koo zilizokuwa na fahari zikaachwa katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 majaji wakageukia upande wa pili, wakasifu madume marefu mno, na wafugaji wakajikuta na majike makubwa yanayomaliza malisho. Nchini Ubelgiji, ng'ombe wa Belgian Blue wamechaguliwa kwa misuli hadi sehemu kubwa ya ndama wao hutolewa kwa upasuaji. Mfugaji wa Singida anayetaka dume wa aina hiyo kwa mitamba yake midogo ajiulize daktari wa kupasua atatoka wapi usiku wa manane.

Maziwa ndiyo yanayoiumbua imani hii kabisa. Dume hakamuliwi. Hakuna shingo, rangi wala pembe inayoonyesha binti zake watatoa lita mbili au kumi. Jibu la kwanza liko kwa mama yake na dada zake, na la uhakika liko kwa binti zake. Wazee wengi wa Kimaasai na Kiborana wanalijua hili: kabla ya kuacha dume bila kuhasiwa, huuliza mama yake alinyonyesha vipi na alistahimili vipi ukame. Kundi la taifa la Sahiwal huko Naivasha, Kenya, limejengwa kwa kumbukumbu za maziwa ya mama wa madume, na ng'ombe wa Mpwapwa, waliofanyiwa kazi mkoani Dodoma kwa miongo kadhaa, walitokana na daftari na mizani.

Kumbukumbu pia ndizo zinazofichua mabaya. Dume wa Kimarekani Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962, aliacha mabinti wapatao 16,000, na urithi wake ulienea duniani kote. Ndani yake kulikuwa na chembe moja yenye hitilafu, ambayo ndama akiirithi kutoka pande zote mbili hufa tumboni. Watafiti wamekadiria kwamba imesababisha mimba takriban 500,000 kutoka. Mema na maovu ya Chief yote yalijulikana kwa kuhesabu wazao wake na kusoma urithi wao. Aliyesimama mbele yake angeona ng'ombe tu.

Magonjwa nayo hujificha hivyohivyo. Trikomonasi, ugonjwa unaoambukizwa kwa kupandana, hukaa kwenye govi la dume kwa miaka bila kumdhoofisha. Dume hula, hung'aa, hupanda. Majike ndiyo hupoteza mimba changa na kurudi kwenye joto, na mwenyewe akayauza kwa kuyaita tasa. Kuazimana madume kijijini, tena kwa kumtafuta yule mkubwa anayesifika, ni njia nzuri ya kuusambaza ugonjwa huo kutoka boma hadi boma.

Hata ubabe si ushahidi. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mwenye nguvu atawafukuza wengine wote. Ikiwa mbabe huyo ana mbegu dhaifu, basi amewazuia wenye mbegu nzima na zizi limekosa ndama kwa sababu yake.

Watakuwepo wa kusema kwamba mfugaji wa kawaida hana maabara wala vitabu vya koo. Utepe wa kupimia, daftari na mtu wa kumshika dume havihitaji maabara. Mtaalamu wa mifugo mwenye kifaa cha kukusanya mbegu na hadubini anaweza kuangalia kama zinatembea na kama zimekamilika, na malipo yake ni madogo mno kuliko thamani ya ndama ishirini wasiozaliwa. Asiyemwamini dume yeyote wa jirani anaweza kupata mbegu za uhimilishaji kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji (NAIC), Usa River, au, kwa Mkenya, kutoka kituo cha Kabete, ambako madume hupimwa kabla mbegu zao hazijauzwa.

Kilicho kigumu ni mnada wenyewe. Halmashauri hutoza ushuru kwa ng'ombe anayeuzwa, lakini anayenunuliwa kwenda bucha na anayenunuliwa kuwa baba wa ndama mia huandikiwa stakabadhi ileile. Madume ya mbegu yatengewe uzio wao siku ya mnada, kila mmoja aje na tarehe ya kuzaliwa, maelezo ya mama yake na karatasi ya daktari aliyempima korodani, mbegu na magonjwa ya uzazi. Asiye na karatasi hiyo auzwe kwa kilo, upande wa machinjio.