Hiyo ඞ si katuni, ni ng'

Leo nakasirika na nyinyi kidogo, na mimi mwenyewe nimo.

Hiyo ඞ mnayojaza kwa komenti mkisema ni yule mdoli wa Among Us, si mdoli. Ni herufi ya Kisinhala, lugha ya mamilioni ya watu Sri Lanka, na ilikuwako muda mrefu sana kabla ya hiyo gemu kutoka 2018. Unajua inasomwaje? Ng'a. Ndiyo, ile ile ng' ya ng'ombe.

Sasa skiza. Kuna beste yangu jina lake lina ng' mara mbili. Juzi anajaza fomu mtandaoni, mfumo unamwambia jina lina "alama isiyokubalika." Jina la babu yake! Akatoa vile vialama, sasa jina la fomu halifanani na la kitambulisho. Sisi wote tukawaka. Jioni hiyo hiyo tukarudi kwa gemu, tunatumiana ඞඞඞ tukicheka. Sauti ile ile.

Mtasema, "Lakini hizo herufi zao si zinakaa tambi?" Zinakaa hivyo kwa sababu. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba zamani waliandika kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi, kwa kalamu ya chuma yenye ncha. Chora mstari ulionyooka, jani linapasuka. Zungusha, linabaki zima.

Na si ngumu vile mnadhani. ක ni ka. Weka kialama juu, ni ki: කි. Weka chini, ni ku: කු. Kiweke mbele, ni ke: කෙ. Si ni ile ka-ke-ki-ko-ku tuliyoimba nasari?

Ngoja, iko tamu zaidi. Wana herufi moja ya mb kama ya mbuzi: ඹ. Nyingine ya ng kama ya ngoma: ඟ. Hiyo haichanganywi na ඞ, kila moja na sura yake. Embe kwao ni අඹ, inasomwa "amba." Herufi mbili, basi. Sisi ng' moja inatumaliza na alama tatu, na bado nusu yenu mnaandika "ngombe."

Sawa, ni utani tu. Hata wenyewe hawaitumii ඞ sana siku hizi. Lakini huwezi kulia mfumo ukikataa ng' ya beste yako, halafu ng' ya mtu mwingine uifanye kikaragosi bila hata kuuliza inaitwaje. Ukitaka jina lako liheshimiwe, anza na herufi za wengine.

Cheka, sijakukataza. Ila kabla ubandike ingine, isome kwa sauti kwanza.

Ng'a.