Bafle za bei kali: soko iko, lakini si soko ya mawe

Siku hizi ku mikutano ya sendika vijana wanatuletea neno hili: kule Ulaya watu wanalipa maelfu ya dola juu ya bafle mbili, na ndani ya bafle mule muko shaba na sumaku. Basi soko hiyo ikikomaa, na sisi tutakula. Mimi nasema hapana, na nitaeleza juu ya nini.

Bafle tunazozoea, kama zile za nganda, zinangoja ampli ya inje izisukume. Bafle «active» inabeba ampli zake ndani, moja ya sauti za chini, moja ya sauti za juu, na fundi wa kiwanda ameisha kuzipima zote pamoja. Njo maana studio zilikubali mbio: mutu wa kurekodi hana wakati ya kutafuta ampli gani inapatana na bafle gani. Genelec ya Finland ilianza kazi hiyo 1978, juu ya redio ya taifa lao. Leo ku studio nyingi zinakaa paka bafle za namna hiyo, na soko ile imekaribia kujaa.

Wapenda muziki wa nyumbani, wale wenye franga, ni wagumu. Wanapenda kubadilisha ampli, kubadilisha kamba, kubishana usiku muzima. Tena wanaogopa: ampli ya ndani ikikufa, bafle nzima inanyamaza. Lakini wanaanza kulegea. Tangu KEF ilitoa LS50 Wireless mu 2016, mutu anaweka bafle mbili, anapokea muziki ya intaneti, basi. Hapo njo naona soko itapanuka.

Lakini angalieni kitu gani inapotea. Ndani ya bafle ya zamani muko bobini za shaba za kugawa sauti, na inje kamba nene za shaba mpaka ku ampli. Bafle active inaondoa zote mbili. Anayelipa bei kali analipa hesabu ya fundi, halipi kilo za shaba.

Na kobalti? Zamani bafle nzuri zilikuwa na sumaku ya alnico, maana yake aluminiamu, nikeli na kobalti. Mu Mei 1978 vita ikaingia Kolwezi. Wazee wanajua, siwafundishi. Woga ukapandisha bei ya kobalti mpaka dola 25 kwa paundi mu 1979, na mbele ya pale ilikuwa chini ya dola 10. Watengenezaji wa bafle hawakungoja: wakahamia ku sumaku ya ferrite, isiyo na kobalti hata kidogo. Bei ikashuka nyuma, lakini wengi hawakurudia. Leo viwanda vya betri vinafanya namna ile ile na betri za chuma na fosfati, na sisi tunaendelea kuhesabu tani tu.

Saint-Étienne, Ufaransa, ilikuwa muji ya wachimbaji wa makaa. Shimo la Couriot lilifungwa 1973. Leo ni makumbusho. Mu muji ile ile Focal ilianza 1979, na leo inatengeneza bafle za bei kali, za nyumbani na za studio. Sisemi kiwanda kiliwaajiri wachimbaji wote, wapi. Nasema muji ulikuwa na watu waliojua chuma, na masomo ya ufundi.

Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni kuweka angalau 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wakaaji. Mu mitaa mingi franga hiyo inatoka sawa pampu ya maji na kuta za shule. Vizuri, maji tunahitaji. Lakini ku mazungumzo ya cahier des charges yanayokuja, sendika iombe atelye moja ya elektroniki: vijana wajifunze kusoma skema, kuzungusha bobini, kutengeneza ampli. Studio na makanisa ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wako na bafle zilizokufa, na mara mingi wanazitupa juu hakuna mutu wa kuzifungua. Delege wenu awe na kipengele hicho mu mukono mbele ya kuingia mu chumba.