Mji mdogo haupimwi kwa megabiti

Haya, nimerudi. Najua kuna wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, nayo itakuja, msinipige mawe. Lakini leo kuna jambo limenikaa kooni wiki tatu nzima, na nikizidi kulinyamazia nitapasuka.

Mke wangu ni mwalimu. Tume ya Kuajiri Walimu imempa uhamisho kutoka shule moja ya hapa Changamwe hadi Mwatate, kaunti ya Taita Taveta. Kwa wasioijua, Mwatate ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, chini ya vilima vya Taita. Ndiyo makao makuu ya kaunti, lakini msidanganywe na jina hilo: ni soko, ofisi kadhaa, maduka, mashamba ya mkonge pembeni, basi. Mimi kazi yangu iko ndani ya laptopu, kwa hiyo naweza kumfuata. Kinachotunyima usingizi ni mtoto. Ana miaka sita na ana pumu.

Nikafanya kosa la kuwauliza watengenezaji programu wenzangu.

Wakagawanyika makundi mawili papo hapo. Kundi la kwanza: "Utaenda kuoza huko!" Hakuna faiba ya maana, hakuna supamaketi kubwa, hakuna mkahawa wa kukaa na laptopu yako. Kundi la pili: "Nenda kesho!" Mashambani hakuna wezi, hewa safi, maziwa ya ng'ombe wa jirani, mtoto atakimbia peku. Mmoja wao akanitumia hata jedwali alilolitengeneza mwenyewe. Safu ya kasi ya intaneti, safu ya kodi ya nyumba, safu ya umbali wa benki, na safu moja imeandikwa "usalama", alama moja hadi kumi. Mwatate kaipa nane. Changamwe kaipa nne. Nikamuuliza hizo alama umezitoa wapi. Akajibu, "Ah, kadirio tu, kaka."

Kadirio la nini, kaka? La nani anaiba simu?

Hapo ndipo ninapogombana na nyinyi nyote, wa kundi la kwanza na wa pili. Mnasema "usalama" mkimaanisha wezi, na mnasema "huduma" mkimaanisha vitu vya kuwafurahisha siku ambayo kila kitu kinakwenda vizuri.

Nimezaliwa Chaani. Wezi nawajua, na vijana wa panga wa Mombasa nawajua kwa habari zao kama mnavyowajua nyinyi. Lakini nikikaa na kuhesabu mambo yaliyowaumiza watu wa upande wetu huu, wezi hawako juu ya orodha. Malori ya makontena yako juu yao. Moshi uko juu yao. Kule Owino Uhuru, Mikindani, mwendo mfupi kutoka hapa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilimwaga madini ya risasi katika hewa na maji ya watu kwa miaka, mpaka kikafungwa 2014. Watoto waliugua. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Niambieni, ni jedwali gani la "miji salama" lililokuwa na safu ya madini ya risasi? Mtu angeweza kuipa Owino Uhuru alama saba kwa sababu majirani wanajuana na milango haivunjwi.

Na mafuta je? Mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe ulianza kazi 1963 na ukaacha kusafisha 2013, lakini matangi yamebaki, na bomba la kwenda Nairobi linaanzia upande wetu. Septemba 2011 mafuta yalivuja huko Sinai, Nairobi, yakashika moto, na watu zaidi ya 100 wakafa. Sisi tunaoishi karibu na matangi hatukuisoma habari ile kama watu wa mbali.

Kwa hiyo wa kundi la kwanza, mnaonicheka ati nitahamia porini, mnaniomba nibaki salama mahali gani hasa?

Msifurahi bado, wa kundi la pili. Zamu yenu imefika.

Kazini hakuna hata mmoja wenu anayekubali seva kwa sababu ina kasi saa nne asubuhi. Tunauliza: ikizima usiku wa manane, nani anaamshwa? Akiba ya data iko wapi? Itachukua dakika ngapi kurudi hewani? Mtu akikuletea mpango wenye mashine moja ambayo ikifa kila kitu kinakufa nayo, unamrudishia karatasi zake hata kabla hajakaa. Halafu mtu huyohuyo akitafuta mji wa kulea mtoto, anahesabu idadi ya vitu. Hospitali ipo, alama moja. Kituo cha polisi kipo, alama moja. Benki ipo, alama moja. Hamuulizi vikizima itakuwaje!

Mpeketoni, kaunti ya Lamu, ulikuwa mji mdogo wenye huduma. Kituo cha polisi, benki, hospitali, hoteli, vyote vilikuwepo. Jumapili usiku tarehe 15 Juni 2014, watu wakitazama Kombe la Dunia, washambuliaji wenye silaha waliingia, wakakipiga na kituo chenyewe cha polisi, wakachoma hoteli na magari, na wakaua kwa saa kadhaa. Usiku uliofuata wakaua tena katika vijiji jirani. Jumla ya waliokufa ilipita 60. Sisemi Mwatate ni Lamu. Mipaka ni mingine na historia ni nyingine. Nasema kituo cha polisi kilikuwepo kwenye orodha ya huduma. Msaada wa kutoka nje ulipohitajika, swali lilikuwa saa ngapi utafika.

Tena hii imani kwamba kijijini hakuna hatari ni ya watu waliokwenda kijijini wakati wa Krismasi tu. Taita Taveta imezungukwa na Tsavo. Ndovu huingia mashambani, na ukitembea gizani hujui kilicho mbele yako. (Wapenda teknolojia, tafuteni habari za Sagalla karibu na Voi: wakulima huko wananing'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anakimbia. Hakuna umeme wala programu, na unavuna asali juu yake. Nimeona mifumo mingi ya ulinzi yenye akili kidogo kuliko huo.) Nyoka nao wapo. Shirika la Afya Duniani liliyaweka maumivu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na anayeuawa na moma mara nyingi hauawi na sumu peke yake. Anauawa pia na mwendo wa kuifikia dawa.

Narudi kwa mwanangu, maana ndiye hasa ninayemwandikia.

Februari iliyopita alishikwa usiku, saa nane unusu. Wenye watoto wa pumu mnajua ile sauti, kifua kinapiga mluzi na mabega yanapanda juu kila akivuta pumzi. Mke wangu akatoka nje kwa leso tu, akagonga kwa jirani, mama anayeuza viazi karai, ambaye mwanawe anaendesha tuktuk. Kijana akaamka bila kuuliza lolote. Barabara ilikuwa tupu, isipokuwa malori yaliyopanga foleni. Dakika 11 tukawa hospitalini Port Reitz, mtoto akawekewa barakoa ya mvuke wa dawa, na kulipopambazuka alikuwa anaomba mahamri.

Dakika 11. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Ukweli unaonichoma ni huu: sina shaka hewa ya hapa ndiyo inayomwamsha na mluzi ule. Akienda kwa bibi yake Taita likizo, anakaa wiki tatu bila kikohozi. Kwa hiyo mji unaomuugua ndio unaomwokoa kwa dakika 11, na mji unaomponya uko mbali na hospitali ya rufaa: kutoka Mwatate hadi Voi ni kama kilomita 25 za lami, na kutoka Voi kurudi huku Mombasa ni kilomita 150 na zaidi. Hebu niwekeeni hilo kwenye jedwali lenu la alama moja hadi kumi.

Kuhusu intaneti, ambayo ndiyo iliyowatoa povu wengi wenu, sitakaa sana. Nyaya za chini ya bahari zinatua Mombasa tangu 2009, TEAMS na SEACOM, na sisi wa pwani tunajivunia kana kwamba tulizivuta wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na mimi niliye kilomita chache kutoka zinapotua nilikaa nikitazama kijiduara kikizunguka sawasawa na mtu wa Taveta. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Giza halikuuliza nani ana faiba. Starlink imeingia Kenya tangu Julai 2023, kwa hiyo mtu mwenye betri nzuri na mahali pa kufunga sahani anaweza kufanya kazi yangu juu ya kilima. Tena kazi yangu ikilala siku mbili, mteja atafoka na mimi nitaomba radhi. Haya, yameisha.

Maji: Mombasa inakunywa maji ya Mzima, yanayotoka ndani ya kaunti ileile ya Taita Taveta kwa bomba la kilomita 220, na bado sisi Changamwe tunanunua mitungi kwa mkokoteni. Nao wenye chemchemi wanalalamikia ukame. Katika safu hiyo hakuna mshindi.

Basi nimelifuta jedwali la rafiki yangu na kutengeneza langu. Halina alama. Lina safu tatu tu: ni nini kinaweza kuharibika, nani anakuja usiku wa manane, na kwa dakika ngapi. Nikaanza kupiga simu. Nimempigia mwalimu anayefundisha huko, mwenye duka la dawa, na mama mmoja mwenye mtoto wa pumu kama wangu. Nimejifunza zaidi kwa salio la shilingi mia mbili kuliko kwa ushauri wenu wote. Mama yule aliniambia kitu ambacho hakuna mtaalamu wa programu aliyenitajia: kuna nyumba za bei nafuu juu ya mlima, zina mandhari ya kupiga picha, lakini mvua ikinyesha sana barabara ya udongo haipandiki, hata kwa boda. "Chukua nyumba mbaya ya karibu na lami, mwanangu," akasema.

Kwa hiyo nyumba ya mandhari nimeifuta, ingawa kodi yake ni nusu ya ile ya kando ya lami. Tumeshanunua mashine ya mvuke wa dawa ya kukaa nyumbani, na betri ya kuiendesha stima ikipotea. Imegharimu zaidi ya simu yangu, na rafiki yangu wa jedwali anasema nimetupa pesa, kwamba ningengoja nione kwanza. Nimemwambia aninunulie kwanza mapafu ya akiba.

Bado safu moja haijajaa. Mwenye duka la dawa anasema kuna madereva wawili wa teksi wanaoshika simu usiku. Yule mwalimu anasema ni mmoja, na Ijumaa huwa amelewa. Haya siyo mambo ya kukadiria.

Jumamosi hii tunaenda, mimi na mke wangu. Mtoto atabaki kwa shangazi yake Magongo. Tutapanda matatu ya jioni makusudi, tufike giza limeshaingia. Saa nane za usiku nitaipiga namba ya kwanza, nitaomba nipelekwe hospitali ya Voi, na nitaanza kuhesabu dakika. Dereva nitamlipa kwenda na kurudi, hata akinitukana.