Tusiwafundishe Wataalamu Wetu Kumnyamazisha Mwenye Usonji

Iko kasumba moja ambayo taifa letu halijapona bado, nayo ni kupokea kila kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kigeni bila ya kukifungua na kukitazama. Tuliipiga vita katika elimu mwaka 1967. Leo inabisha hodi katika huduma kwa watoto na watu wazima wenye usonji, na kwa kuwa huduma hiyo ndiyo kwanza inaanza kujengwa mikoani, huu ndio wakati wa kuipinga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 1.3 katika Mkoa wa Songwe. Ikiwa kadirio hilo la dunia linashika na huku kwetu, basi Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na mji wa Tunduma vina wananchi wenye usonji wasiopungua 10,000. Je, wako wapi? Wamo majumbani, na wengine wamo madarasani wakichapwa kwa ukaidi wasiokuwa nao. Wako walioitwa mabubu, na wako waliopelekwa kupungwa pepo.

Najua jibu la baadhi ya viongozi wetu. Watasema kwamba mkoa huu ulizaliwa juzi tu, mwaka 2016, na kwamba unahitaji kwanza maji, barabara na madawati. Mambo ya usonji ni anasa ya nchi tajiri. Hoja hiyo ni ya kibwanyenye ingawa imevaa kaniki. Anayesema hivyo huwa na nauli ya kumpeleka mtoto wake Muhimbili. Mchuuzi wa mpakani hana. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na Moshi, ambako watoa tiba kwa vitendo hufundishwa katika chuo kilichopo KCMC, ni mbali kupita hapo. Aidha, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 26 ya Mkataba huo inazitaka nchi ziendeleze mafunzo ya mwanzo na ya kazini kwa wataalamu wa utengamao. Hilo ni deni, na mdaiwa haambiwi kuwa ni mkarimu anapolipa.

Lakini hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mafunzo gani?

Historia ya fani hii ina mengi ya kuaibisha. Mwaka ule ule wa 1967, sisi tulipokuwa tukitangaza Azimio la Arusha, Bruno Bettelheim wa Chicago alichapisha kitabu kilichowabebesha akina mama lawama ya usonji wa watoto wao, eti kwa ubaridi wa mapenzi yao. Akina mama wangapi walilia bure! Huko Los Angeles, tangu miaka ya 1960, Ivar Lovaas aliwafunza watoto kwa zawadi na adhabu, na miongoni mwa adhabu hizo yalikuwamo makofi na mishtuko ya umeme. Mwaka 1987 alitangaza kwamba kati ya watoto 19 waliofunzwa kwa takriban saa 40 kwa wiki, 9 walikuwa wamefikia hali ya kawaida. Tiba ya tabia iliyokua kutokana na kazi hiyo imekuwa biashara kubwa Marekani. Umeme umeachwa karibu kila mahali, ila kituo cha Judge Rotenberg katika jimbo la Massachusetts kiliendelea nao, na marufuku iliyowekwa na Serikali ya nchi hiyo mwaka 2020 ilitenguliwa mahakamani mwaka 2021. Hao ndio tunaoambiwa kila siku kuwa ni walimu wa haki za binadamu.

Kiini cha ubaya, hata hivyo, si makofi peke yake. Kiini ni kipimo. Mtaalamu aliyelelewa katika mtazamo huo hujipongeza pale mtoto anapoacha kupunga mikono, anapokaa kimya kitini na kumkazia mtu macho. Huo si uponyaji, ni kumfundisha mtu kujificha. Tafiti za miaka ya karibuni huko Uingereza zimeuhusisha ufichaji huo na uchovu mkubwa wa nafsi, na hata mawazo ya kujiua.

Na hilo la macho ni kichekesho kinachostahili kutazamwa zaidi. Katika nyumba nyingi za Mbozi na Momba, mtoto mwenye adabu huinamisha macho amsalimupo mkubwa. Inakuja karatasi ya maswali kutoka ng'ambo, inamwandikia kosa kwa kutokukaza macho. Kisha anakuja mtaalamu wetu wenyewe, mtoto wa mkulima wa kahawa, anamfunza mtoto huyo kumtumbulia macho babu yake! Wakati huo huo mtoto mwenye usonji asiyeamkia kabisa, kwa kuwa maneno hayamtoki haraka, tunampiga kwa utovu wa adabu. Tumebeba ukoloni wa wageni begani na ukatili wetu wenyewe kichwani.

Tuchukue mfano wa mtoto wa Tunduma anayeziba masikio na kujipiga kichwa kila anapopitishwa kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde. Mtaalamu wa mkondo wa kale atahesabu amejipiga mara ngapi na kutoa peremende akiacha. Mtaalamu tunayemtaka atauliza: honi hizo zinamuumiza? Au ni jino? Atawashauri wazazi wapite njia nyingine, au wapite alfajiri. Atamtengenezea kadi za picha, ambazo fundi yeyote wa mbao mjini anaweza kuzichonga, ili apate kusema "kelele" na "twende" bila ya kuumiza kichwa chake. Wala hatamwamuru mama aache Kinyamwanga au Kinyiha kwa madai kuwa lugha mbili zinamchanganya mtoto, maana utafiti hauungi mkono dai hilo. Wapo watakaodai kwamba nataka watoto waachwe bila msaada. La. Mtoto anayejiumiza anahitaji msaada leo, na mwingine atauhitaji maisha yake yote. Ninachokataa ni msaada unaompunguza mtu.

Damian Milton, msomi wa elimu ya jamii huko Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili. Mkulima yeyote aliyewahi kusemeshwa na bwana shamba asiyesikiliza anaijua hoja hiyo bila ya kuisoma.

Fursa ya kuanza vizuri ipo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kupata wahudumu 137,294. Chuo cha Patandi huko Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Wahudumu na walimu hao ndio watakaofika Kamsamba na Itumba kabla ya bingwa yeyote. Somo la usonji watakalopewa halina budi kutungwa kwa Kiswahili, na wazazi pamoja na watu wazima wenye usonji wawe miongoni mwa watungaji na wakufunzi, wasiletwe mbele ya darasa kama vielelezo vya maonyesho.

Songwe ina halmashauri tano. Katika vikao vya bajeti, madiwani wetu wasiridhike kuona fungu limeandikwa "mafunzo ya usonji" na kupiga meza. Waulize ni nani anayefundisha, na somo lake linapima nini. Tena waulize kama mtu mwenye usonji atakayesimama kufundisha amewekewa posho sawa na ile ya mkufunzi atakayetoka mjini.